Namna ya Kuchunguza Kemikali Zinazovuruga Homoni katika Majitaka

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mto Lea ulioko kaskazini mwa London, walianza kupatikana samaki wa aina ya roach ambao hawakuwa madume kamili wala majike kamili, kwani ndani ya korodani zao mlikuwa na mayai. Samaki hao huntha waliishi karibu na mahali yanapomwagwa majitaka yaliyokwisha kusafishwa. Ilichukua takriban miaka 20, hadi 1998, watafiti kuweza kuzitaja kwa majina kemikali zilizohusika zaidi. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu kemikali zenyewe ni kidogo mno, zimechanganyika na maelfu ya nyingine, na mwanzoni hakuna aliyejua ni ipi ya kutafutwa.

Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kama inavyofanyika leo, kwa ajili ya mwanafunzi, fundi wa maabara au afisa wa mazingira anayetaka kuifanya, na pia kwa msomaji anayeletewa ripoti ya maji akitaka kujua aiamini kwa kiasi gani. Nitakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo, kwa sababu matokeo mengi huharibikia huko, kabla sampuli haijaifikia mashine yoyote.

Hatua ya 1: Amua unatafuta nini

Homoni za uzazi, kama vile estrojeni ambazo ni homoni za kike, hushika kipokezi kilichomo ndani ya seli, na kipokezi hicho kikishashikwa huamsha jeni fulani. Kemikali ya kigeni yenye umbo linalokaribiana na la homoni inaweza kushika kipokezi hichohicho na kuamsha jeni wakati usiofaa, au ikakaa pale bila kuamsha chochote huku ikiizuia homoni halisi isipate nafasi. Kwa hiyo tunaposema kemikali zinazovuruga homoni, tunataja tabia, wala si ukoo mmoja wa kemikali, na hapo ndipo ugumu wa kuzitafuta unapoanzia.

Zipo homoni za asili, yaani estroni, estradioli na estrioli, ambazo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, huzitoa katika mkojo, na mjamzito huzitoa kwa wingi zaidi; mifugo nayo huzitoa. Ipo ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango. Kisha zipo kemikali za viwandani na majumbani: nonilfenoli inayotokana na kuvunjika kwa baadhi ya sabuni za viwandani, bisfenoli A ya plastiki ngumu na ya karatasi za risiti, na thaleti zinazolainisha plastiki. DDT, dawa ya kuua wadudu, nayo imo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliibana, lakini ukaruhusu itumike dhidi ya mbu waenezao malaria, na zao lake liitwalo DDE huzuia kipokezi cha homoni za kiume.

Ninawasihi wasomaji wa Afrika Mashariki wasinakili orodha za Ulaya bila kufikiri. Nchini Kenya na Tanzania, wanawake wengi wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango hutumia sindano na vipandikizi kuliko vidonge, na dawa zilizomo humo ni projestojeni, yaani dawa zinazoiga homoni ya projesteroni, kama vile medroksiprojesteroni na levonojestreli. Maabara inayotafuta ethinilestradioli peke yake inaweza kupata kidogo sana na kudhani kwamba maji ni salama, kumbe haikuuliza swali linalohusu majitaka yaliyo mbele yake. Orodha iandikwe baada ya kujua wakazi wa eneo hutumia nini, viwanda gani vimeunganishwa na bomba la majitaka, na kama kuna machinjio au mazizi juu ya mto.

Hatua ya 2: Uzoee udogo wa viwango

Kipimo cha kazi hii ni nanogramu kwa lita. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na kuyeyusha gramu 1 ya dawa katika maboza 100,000 ya maji, kila boza likiwa la lita 10,000. Kiwango hicho kinaonekana kama si kitu, lakini mwili wa samaki hauhesabu hivyo. Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario, nchini Kanada, timu iliyoongozwa na Karen Kidd iliweka ethinilestradioli katika ziwa dogo la utafiti liitwalo Ziwa 260 kuanzia 2001 hadi 2003, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki wadogo wa aina ya fathead minnow walivurugika uzazi na karibu watoweke kabisa ziwani humo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na ndiyo sababu maabara hulazimika kuona chini ya nanogramu 1.

Hatua ya 3: Chagua mahali na wakati

Chukua sampuli kwenye mlango wa kuingilia wa mtambo wa kusafishia, kwenye mlango wa kutokea, mtoni juu ya mahali maji yanapomwagwa, na mtoni chini yake. Sampuli ya juu ya mto isiachwe kamwe, maana bila hiyo huwezi kusema kilichopatikana chini kimetoka kwenye mtambo.

Majitaka hubadilika saa kwa saa: alfajiri watu wakiamka mkojo huwa mwingi, mchana viwanda humwaga, usiku mtiririko hupungua. Chupa moja iliyojazwa saa nne asubuhi inaeleza saa nne asubuhi tu. Njia bora ni kuchanganya sampuli ndogondogo zilizochukuliwa kwa saa 24, kila moja ikilingana na wingi wa maji yaliyopita wakati huo, na chombo cha kukusanyia kikae kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Pasipo na mashine ya kujikusanyia, watu wawili wenye zamu, sanduku la barafu na daftari la kuandika mtiririko wanaweza kuifanya kazi hiyo, ingawa inachosha.

Miji mingi ya kwetu husafisha majitaka kwa mabwawa. Mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai, mashariki mwa Nairobi, hupokea sehemu kubwa ya majitaka ya jiji hilo. Katika mfumo wa namna hiyo maji hukaa siku nyingi kabla ya kutoka, kwa hiyo maji yanayoingia leo na yanayotoka leo si maji yaleyale. Anayechukua sampuli mbili siku moja na kukokotoa asilimia ya usafishaji atapata namba isiyo na maana. Jua kwanza maji hukaa bwawani siku ngapi, kisha panga siku za sampuli kwa kufuata muda huo, au chukua sampuli kwa wiki kadhaa na kulinganisha wastani. Vipo pia vikusanyio vinavyotumbukizwa majini na kuachwa kwa wiki 2 hadi 4 vikinyonya kemikali polepole. Hivyo huonyesha wastani wa muda mrefu, lakini kugeuza kilichonyonywa kuwa nanogramu kwa lita kunahitaji urekebishaji wa makini.

Hatua ya 4: Andaa chupa, mikono na sampuli tupu

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Tufts mjini Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wakichunguza seli za saratani ya matiti zinazoongezeka pale tu zinapopata estrojeni. Ghafla seli zikaanza kuongezeka hata mahali ambapo hawakuweka estrojeni. Walitafuta chanzo kwa subira hadi wakakipata: mirija ya plastiki ya maabara ilikuwa ikitoa nonilfenoli. Walichapisha ugunduzi huo mwaka 1991. Vifaa vyao wenyewe ndivyo vilivyokuwa na kemikali, na kama wasingekuwa na seli za kulinganishia zisizowekewa chochote, wasingegundua.

Kwa sababu hiyo, tumia chupa za kioo cha rangi ya kahawia zenye vifuniko vilivyotandikwa teflon. Zioshe kwa maji ya moto, zisuuze kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa methanoli safi, na zioke katika tanuri la maabara kwenye nyuzi 400 hadi 450 kwa saa 4. Vyombo vya kioo vya kupimia ujazo kamili visiokwe, kwa maana hupoteza usahihi. Anayechukua sampuli asipake losheni wala mafuta ya kuzuia jua siku hiyo, na asishike karatasi za risiti kabla ya kuvaa glavu. Avae pia buti na miwani ya kinga, na awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini, homa ya matumbo na pepopunda. Majitaka hubeba vimelea vya maradhi kwanza, kabla ya kubeba homoni.

Kisha andaa sampuli tupu, yaani chupa zilizojazwa maji safi kabisa ya maabara. Moja isafiri kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ya pili ifunguliwe palepale kando ya majitaka kwa muda uleule wa kujaza sampuli halisi. Ya tatu ibaki maabara na kupitishwa katika kila hatua inayofuata. Bisfenoli A au thaleti zikionekana katika sampuli tupu kwa kiwango kinachokaribia cha sampuli halisi, matokeo ya kemikali hizo hayafai kutangazwa, hata kama mashine iliyotumika ni ya bei kubwa kiasi gani. Mtu yeyote anayesoma ripoti ya aina hii anaweza kuanza kwa kutafuta ukurasa wa sampuli tupu, usipokuwepo, aulize.

Hatua ya 5: Zuia bakteria, kisha chuja

Bakteria waliomo chupani huendelea kula na kubadilisha homoni njiani. Weka chupa kwenye barafu mara moja, gizani, na uzifikishe maabara siku hiyohiyo. Mahali ambapo haiwezekani, wengine huongeza tindikali kidogo hadi pH ishuke karibu na 3, na wengine hutumia sodiamu azaidi. Viwili hivyo visichanganywe kamwe, kwa sababu sodiamu azaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye sumu kali. Kama maji yametiwa klorini, ongeza thiosulfati ya sodiamu wakati wa kujaza chupa, la sivyo klorini itaendelea kuharibu kemikali unazozitafuta.

Chuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, na usitupe tope linalobaki juu yake. Nonilfenoli hupenda kushikamana na chembe ngumu kuliko kubaki majini, hivyo tope hilo lichunguzwe peke yake.

Kuna jambo moja la baiolojia la kulijua hapa. Kwa kawaida mwili hautoi homoni katika mkojo zikiwa huru. Ini huziunganisha na sukari au salfati ili ziyeyuke katika mkojo, na zikiwa hivyo hazina nguvu. Bakteria wa kinyesi wana kimeng'enya kinachokata kiungo cha sukari ndani ya bomba na ndani ya mtambo, na homoni zikawa huru tena. Kwa hiyo pengine maji yanayotoka huonyesha estroni nyingi kuliko yanayoingia, na mpimaji hudhani amekosea. Huenda hajakosea. Anayetaka kujua jumla yote hutibu sehemu ya sampuli kwa kimeng'enya hicho, pamoja na kile kinachokata kiungo cha salfati, kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Koleza sampuli

Kabla ya kufanya lolote lingine, ongeza katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha homoni ileile iliyotengenezwa kwa atomu nzito za kaboni au haidrojeni. Homoni hiyo nzito itapotea, itamwagika na kunaswa sawasawa na ile ya asili, lakini mashine itazitofautisha kwa uzito. Ikiwa mwishoni umeipata kwa asilimia 60 tu, unajua ni kiasi gani kimepotea na unaweza kusahihisha. Ikiongezwa baada ya kukoleza haisaidii kitu, kwa kuwa haikupitia hasara hizo.

Tayarisha katriji, yaani mrija mdogo wenye chembe za polima zinazonasa kemikali, kwa kupitisha methanoli, kisha maji safi, bila kuiacha ikauke. Pitisha sampuli polepole, mililita 5 hivi kwa dakika: lita 1 kwa maji yaliyosafishwa, au mililita 100 hadi 250 kwa majitaka mabichi yanayoziba haraka. Suuza, kausha kwa hewa, kisha toa kemikali zilizonaswa kwa methanoli. Punguza methanoli hiyo kwa mkondo mwepesi wa gesi ya naitrojeni hadi ibaki mililita 1. Lita 1 imekuwa mililita 1, yaani sampuli imekolezwa mara 1,000. Kwa kipimo cha hamira kinachofuata, andaa mkolezo wa pili kwa njia ileile lakini usiowekewa homoni nzito, kwani hamira haitambui uzito na itaihesabu kama homoni ya kawaida.

Hatua ya 7: Uliza hamira

Mwaka 1996 Edwin Routledge na John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, walichapisha kipimo kinachotumia hamira, kiumbe kilekile kinachoumua mkate na mandazi. Hamira haina kipokezi cha estrojeni kwa asili yake. Hii ya maabara imepandikizwa jeni ya kipokezi cha binadamu, pamoja na jeni nyingine inayotengeneza kimeng'enya pale kipokezi kinaposhikwa. Kimeng'enya hicho hugeuza rangi ya kimiminika kutoka manjano kuwa nyekundu.

Katika sahani yenye vishimo 96, weka mkolezo ukiwa umezimuliwa kwa ngazi, weka estradioli safi katika safu ya kulinganishia, na acha safu nyingine bila kitu. Ongeza hamira na rangi, funika, na uache kwa siku 3 hivi kwenye nyuzi 32. Kisha pima wekundu, na pima pia uzito wa ukungu wa kimiminika, unaoonyesha hamira imeongezeka kiasi gani. Kipimo hicho cha pili wengi hukipuuza. Majitaka yanaweza kuua hamira, na hamira iliyokufa haitoi rangi. Kishimo kitabaki cha manjano, na mchunguzi asiyetazama ukungu ataandika kwamba hakuna estrojeni. Ndiyo maana sampuli huzimuliwa kwa ngazi, kwani mahali sumu inapoisha nguvu, rangi hujitokeza.

Jibu huandikwa kama kiasi cha estradioli ambacho kingeleta rangi hiyohiyo. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 2018 kiwango ISO 19040 chenye sehemu tatu, mbili zikihusu aina mbili za hamira na ya tatu seli za binadamu. Kumbuka tu kwamba hamira hii haioni projestojeni wala vizuizi vya homoni za kiume. Kwa hizo zinatakiwa seli zenye vipokezi vingine.

Hatua ya 8: Uliza mashine

Hamira imesema ni nguvu kiasi gani. Mashine itasema ni nani. Mkolezo hupitishwa katika safu nyembamba inayotenganisha kemikali, kila moja ikitoka kwa dakika yake, kisha spektromita ya tungamo huipa chaji, huichagua kwa uzito, huivunja na kupima vipande. Estradioli huonekana kwa uzito wa 271 na huacha vipande vya 145 na 183. Ethinilestradioli huonekana kwa 295 na huacha 145 na 159. Kubali jina la kemikali pale tu dakika ya kutoka, vipande vyote viwili na uwiano kati yake vinapolingana na vya kemikali safi. Kipande cha 145 kiko kwa zote mbili, hivyo hakitoshi kikiwa peke yake.

Uchafu wa majitaka huzima mawimbi ya mashine, na ile homoni nzito uliyoiongeza katika hatua ya 6 ndiyo inayokuokoa hapa tena.

Hatua ya 9: Linganisha majibu mawili

Zidisha kiwango cha kila kemikali kwa nguvu yake ikilinganishwa na estradioli katika kipimo chako mwenyewe, kisha jumlisha. Kwa mfano wa kukokotoa tu: estroni nanogramu 20 yenye nguvu ya 0.3 inatoa 6. Estradioli nanogramu 3 inatoa 3. Ethinilestradioli nanogramu 0.5 yenye nguvu ya 1 inatoa 0.5. Jumla ni 9.5. Hamira ikiwa imesema 10, orodha yako inatosha. Ikiwa imesema 25, kuna kitu majini usichokitafuta, na jibu hilo lisifichwe.

Hapo hufanyika kile kilichofanyika Uingereza. Watafiti waliyagawa majitaka yaliyosafishwa katika mafungu kwa kufuata tabia za kemikali zilizomo, wakajaribu kila fungu kwa hamira, wakayagawa tena mafungu yaliyogeuka rangi, hadi wakabaki na machache ya kupeleka kwenye mashine. Walichokikuta, na kukichapisha mwaka 1998, ni estroni na estradioli, na katika baadhi ya mitambo ethinilestradioli. Homoni za miili ya watu zilitangulia kemikali za viwandani katika majitaka hayo ya majumbani, ingawa mto Aire, uliopokea maji ya viwanda vya sufu, ulikuwa na nonilfenoli nyingi.

Hatua ya 10: Thibitisha kwa samaki, ukiweza

Samaki jike hutengeneza katika ini protini ya kiini cha yai iitwayo vitelojenini. Dume ana jeni hiyo, lakini haiamki mpaka apate estrojeni. Watafiti wa Uingereza waliweka samaki aina ya trauti katika vizimba ndani ya majitaka yaliyosafishwa, na damu ya samaki hao ikajaa protini hiyo. Uchunguzi wa roach wa mitoni uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika baadhi ya maeneo madume wote walikuwa huntha. Kwetu samaki wa kufaa ni perege na kambare. Tahadhari ni kwamba vifaa vya kupima vitelojenini vilivyotengenezwa kwa trauti huenda visiitambue ya perege, kwa hiyo agiza vya samaki wako au vijaribu kwanza kwa dume uliyempa estradioli makusudi.

Hatua ya 11: Andika ripoti

Usiandike sifuri. Andika «chini ya kiwango cha kugundulika», na taja kiwango hicho. Umoja wa Ulaya ulipoweka ethinilestradioli katika orodha yake ya uangalizi mwaka 2015, ulitaka maabara ziweze kuiona kwa nanogramu 0.035 kwa lita. Maabara ambayo macho yake yanaishia nanogramu 1 haiwezi kusema chochote kuhusu usalama wa samaki kwa neno «haikuonekana».

Taja matokeo ya sampuli tupu, asilimia ya homoni nzito iliyopatikana, mtiririko wa maji siku ile na mvua za wiki iliyotangulia, kwa maana mto wa kiangazi unaweza kuwa majitaka matupu. Eleza wazi kwamba namba za majitaka si namba za maji ya kunywa, na usiandike sentensi itakayomtisha mwanamke aache dawa yake, hasa pale homoni za asili zinapoongoza. Mkolezo uliobaki uweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ukiwa na lebo ya mahali, tarehe na saa, hasa wa sampuli zile ambazo hamira ilisema 25 na mashine ikasema 9.5.